Kukubali kwa Niaba ya Mwingine

Kupokea kitu ni jambo moja, na kuyakubali masharti ya kitu hicho ni jambo la pili. Mambo haya mawili hufuatana mara nyingi, hata watu wengi huyadhania kuwa ni moja. Mtu aliyeazimwa jembe amepokea jembe. Lakini kama mwenye jembe alisema lirudishwe kabla ya mvua za vuli, basi amepokea na sharti pia. Sasa tuseme kwamba jembe lile halikufika mkononi mwake moja kwa moja, bali lilipitia kwa jirani. Je, jirani yule alilifikisha sharti, au alilisahau njiani? Na ikiwa mwenye jembe alimwuliza jirani, "Mmekubali?" naye akajibu, "Tumekubali," je, neno hilo lamfunga mtu ambaye hakuwapo wala hakuulizwa?

Nataka, msomaji, tulifuate swali hili katika historia. Siku hizi limekuwa swali kubwa katika kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, kwa sababu programu aghalabu haitoki kwa mtungaji ikamfikia mtumiaji moja kwa moja. Huchukuliwa na watu wa katikati, ikafungashwa pamoja na kazi za wengine, kisha ikapelekwa mbali. Lakini swali lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Hapa petu Kajiado lilipata kuletwa mbele ya majaji zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kilichogombaniwa kilikuwa nchi na malisho ya watu. Kwa hiyo tuanzie nyumbani, ndipo twende mbali.

Mwezi wa Agosti 1904 Sir Donald Stewart, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Waingereza, alifanya mapatano na viongozi wa Wamasai. Mkuu wao katika hati ile alikuwa Olonana mwana wa Mbatian, laiboni mashuhuri, ambaye Waingereza walizoea kumwita Lenana. Kwa mapatano hayo Wamasai waliondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa, ili ardhi ile ipewe walowezi. Wao wakatengewa sehemu mbili: moja kaskazini, huko Laikipia, na moja kusini, ambayo ndani yake imo nchi ya Ngong na Kajiado. Iliandikwa kwamba mapatano hayo yatadumu maadamu Wamasai wangalipo kama taifa.

Yalidumu miaka 7 tu. Tarehe 4 Aprili 1911, chini ya Gavana Sir Percy Girouard, ilitiwa saini hati ya pili, ya kuwaondoa Wamasai wa kaskazini katika Laikipia na kuwahamishia kusini. Olonana alikuwa amekwisha fariki mwezi uliotangulia. Legalishu, msemaji mkuu wa Wamasai wa Laikipia, ambaye hapo kwanza alipinga kuhama, alikuwa miongoni mwa walioikubali hati ile. Hati yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wazee wale hawakuisoma. Yaliyomo waliyajua kwa vinywa vya wakalimani. Baadaye watu na mifugo walihamishwa, na safari ile ilikuwa ya taabu nyingi kwa mvua na baridi ya nyanda za juu.

Ndipo Ol le Njogo na wenzake wakapeleka shauri mahakamani. Lilisikizwa Mombasa mwaka 1913. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili: kwamba wale walioikubali hati ya 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamasai wote, na kwa hiyo mapatano ya 1904 yalikuwa yangali hai. Mahakama haikulijibu swali hilo. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa ya dola na dola, baina ya Ufalme wa Uingereza na Wamasai, na kwamba mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuamua mambo ya namna hiyo. Rufani nayo ilishindwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Shauri likafungwa, lakini swali likabaki wazi.

Tukilichambua swali la Ol le Njogo, twaona ndani yake maswali matatu. La kwanza: ni nani aliyekubali? La pili: alikubali nini, na je, alikifahamu? La tatu: alikuwa na mamlaka gani ya kuwakubalia wengine? Yashike maswali haya matatu, msomaji, kwa kuwa ndiyo mizani tutakayoitumia mpaka mwisho wa insha hii.

Wabunge wa Kenya huru nao walikutana na swali lile la tatu. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi. Kwa sheria hiyo malisho ya Kajiado yaligawanywa katika ranchi za vikundi, na hati ya kila ranchi iliandikwa kwa majina ya wawakilishi wachache, wasiopungua 3 wala kuzidi 10, walioishika kwa niaba ya wanachama wote. Ranchi ya Kitengela, yenye ukubwa wa hekta 18,000 hivi na wanachama zaidi ya 200, ilikuwa mojawapo, hata ilipogawanywa kwa wanachama mmoja mmoja mwaka 1988. Katika ranchi nyingi za namna hiyo manung'uniko yalikuwa ya aina moja: kwamba wachache wametia saini, na wengi wamekuja kujua baadaye. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ya Jamii ilichukua mahali pa sheria ile ya kwanza. Sheria hii yasema kwamba uamuzi wa kuitoa ardhi ya jamii haufungi mpaka uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanajamii watu wazima walioandikishwa. Hivyo jamii ilijifunza, kwa muda wa miaka mingi na kwa gharama kubwa, kuandika waziwazi ni nani awezaye kumkubalia nani.

Sasa na tuvuke tuingie katika habari za kompyuta. Sisemi kwamba kubonyeza kitufe ni sawa na kupoteza Laikipia. Mizigo hiyo hailingani. Lakini maswali ni yale yale matatu, na aliyeyazoea katika jambo zito atayatambua upesi katika jambo jepesi.

Mtungaji wa programu huandika maagizo kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza aweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo wa chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzitii, lakini mtu hawezi kuzisoma kwa wepesi. Mwenye chanzo aweza kujua programu inafanya nini, akaisahihisha na kuiongezea. Asiye na chanzo ni kama mlaji aliyeletewa chakula kilichokwisha pikwa: aweza kula, lakini hawezi kujua kwa hakika ni nini kilichotiwa chunguni.

Hapo zamani programu hazikuuzwa peke yake. Kampuni iliyouza kompyuta, ambayo ilikuwa mashine kubwa ya kujaza chumba, ilitoa programu pamoja na mashine, na wanunuzi waliazimana misimbo kama majirani waazimanavyo chumvi. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba itatenga bei ya programu na bei ya mashine. Tangu hapo programu ilianza kuwa bidhaa. Mwaka 1976 kijana aitwaye Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwalaumu kwa kunakili programu ya kampuni yake bila kulipa. Mwaka 1980 sheria ya Marekani ilitaja waziwazi kwamba programu ya kompyuta inalindwa kwa hakimiliki kama kitabu. Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi. Maana yake, mtu hawezi kuinakili na kuisambaza ila kwa idhini ya mwenyewe. Idhini hiyo, pamoja na masharti yake, ndiyo iitwayo leseni.

Katika maabara ya Chuo cha MIT, Marekani, alikuwapo mtungaji mmoja aitwaye Richard Stallman ambaye hakupendezwa na mabadiliko haya. Mwezi wa Septemba 1983 alitangaza kazi aliyoiita GNU, ya kutunga programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzitumia, kuzisoma, kuzibadili na kuwapa wengine. Mwaka 1989 akatoa Leseni ya Umma ya GNU. Leseni hii haikuiacha hakimiliki; iliitumia hakimiliki yenyewe kuwa ngao. Yasema kwa ufupi: chukua, tumia, badili, gawa, lakini ukigawa, mpe mpokeaji haki zile zile ulizopewa wewe, na umpatie chanzo pamoja na maneno ya leseni. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza programu iitwayo Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyo hiyo. Leo programu hiyo imo katika mamilioni ya simu na mashine ulimwenguni.

Hapa pana jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni kiini cha mazungumzo yetu. Leseni ya Umma ya GNU haimdai mtumiaji aseme "nakubali". Yasema yenyewe kwamba mtu hana lazima ya kuikubali ili aipokee programu au kuiendesha. Masharti yake humshika anayetaka kuibadili na kuisambaza, kwa kuwa hana idhini nyingine ya kufanya hivyo. Mwenye kutumia tu yu huru, wala haulizwi neno.

Lakini leseni za bidhaa za kampuni zilikwenda njia nyingine. Programu iliwekwa katika sanduku lililofunikwa kwa karatasi nyembamba, na ndani yake maandishi yaliyosema kwamba anayeitumia amekubali. Baadaye maandishi yakahamia kwenye kioo cha kompyuta, na chini yake kitufe cha kubonyeza. Je, kubonyeza ni kukubali? Mwaka 1996, katika shauri la kampuni ya ProCD na mtu aitwaye Zeidenberg, mahakama moja ya rufani ya Marekani ilijibu kwamba ndiyo, maadamu mnunuzi aliyaona masharti na alikuwa na nafasi ya kuirudisha bidhaa asipoyataka. Lakini mwaka 2002, katika shauri la Specht na kampuni ya Netscape, mahakama nyingine ya rufani iliweka mpaka. Katika shauri hilo masharti yaliwekwa chini sana ya ukurasa, mahali ambapo mtu hakupaona ila aushushe ukurasa kupita kitufe cha kupakua programu. Mahakama ikasema kwamba mtu hawezi kuhesabiwa kuwa ameyakubali maneno ambayo hakuonyeshwa. Tazama, msomaji: hilo ndilo swali letu la pili, "alikubali nini, na je, alikifahamu?" likijibiwa mbele ya kioo cha kompyuta.

Sasa tumfikie mtu wa katikati, ambaye nitamwita mfungashaji. Programu za ulimwengu ni maelfu kwa maelfu, na kila moja ina mtungaji wake na leseni yake. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuzitafuta moja moja, kusoma chanzo, kukigeuza kuwa tarakimu na kuziunga pamoja. Kazi hiyo huifanya mfungashaji. Mwezi wa Agosti 1993 Ian Murdock alianzisha shirika la kujitolea liitwalo Debian, ambalo hukusanya misimbo ya watungaji mbalimbali, huigeuza kuwa vifurushi vilivyo tayari, na kuvisambaza bure. Mwaka 1997 wanachama wake walikubaliana kwa maandishi ni leseni za namna gani zitakazohesabiwa kuwa huru. Kila kifurushi chao sharti kichukue waraka wa kutaja hakimiliki na leseni ya kazi iliyomo. Kazi zisizotimiza kipimo cha uhuru huwekwa kando, katika sehemu iliyotengwa na kutajwa hivyo, ili mpokeaji ajue anachokipokea.

Mfungashaji yuko katika hali ya mjumbe. Wazee walisema kwamba mjumbe hauawi. Msemo huo una hekima, lakini una sharti lililofichika ndani yake: mjumbe hauawi kwa sababu maneno si yake; ameyachukua kama alivyoyapewa na kuyafikisha kama yalivyo. Mjumbe anayepunguza maneno, au anayejibu mwenyewe kabla hajafika kwa aliyetumwa, ameuvua ujumbe wake, na hawezi tena kujikinga kwa msemo huo.

Majaribu ya mfungashaji ni mawili. La kwanza ni kujibu kwa niaba ya mtumiaji. Kazi ya kugeuza chanzo kuwa kifurushi hufanywa sana na mashine usiku, pasipo mtu wa kuketi mbele yake. Programu yenye leseni ya kampuni huuliza, "Umekubali?" na mashine hukwama ikingoja jibu. Katika mifumo ya jamii ya Unix ipo programu ndogo iitwayo kwa neno la Kiingereza la "ndiyo", ambayo kazi yake yote ni kutoa herufi ya kukubali, tena na tena, pasipo kuchoka, hata izimwe. Mfungashaji mwenye haraka huiunganisha na swali lile; mashine ikauliza, mashine ikajibu, na kazi ikaendelea. Lakini nani aliyesema ndiyo? Si mtungaji, wala si mtumiaji, ambaye pengine yuko Kajiado na hajui kwamba swali liliulizwa. Ndiyo hiyo haina mwenyewe.

Jaribu la pili ni kinyume cha la kwanza: kuuliza pasipohitajika. Wapo wafungashaji ambao huichukua Leseni ya Umma ya GNU, wakaiweka mbele ya mtumiaji kama mkataba, na chini yake kitufe cha "nakubali". Pengine wanadhani wanafanya adabu. Kwa kweli wanadai ridhaa ambayo mwenye kazi hakuidai, na wanawazoesha watu kubonyeza bila kusoma. Mtu aliyebonyeza mara 100 mahali pasipo na maana hatasimama kusoma mara ya 101, ambapo maana ipo. Ridhaa ni kama sauti ya king'ora: ikilizwa kila saa, siku ya moto haisikiki.

Njia ya haki ipo, nayo ilipatikana kwa mifano. Mwaka 1996 kampuni ya Microsoft ilianza kutoa bure aina kadhaa za herufi za kompyuta, miongoni mwake Arial, Verdana na Georgia. Leseni yake iliruhusu watu kuzigawa, lakini kwa kuzitoa kama zilivyo, bila kuzibadili wala kuzifungua na kuzifunga upya. Mwaka 2002 kampuni iliacha kuzitoa katika ukurasa wake, lakini ruhusa ya leseni ile ilibaki. Wafungashaji wa Linux walitaka kuwapatia watu herufi hizo, nao wasingeweza kuzipanga upya ndani ya vifurushi vyao bila kulivunja sharti. Wakafanya hivi: walitunga kifurushi ambacho ndani yake hamna herufi hata moja. Kifurushi hicho kazi yake ni kwenda kuzichukua herufi katika hali yake ya asili na kuziweka katika kompyuta ya mtumiaji. Katika mfumo wa Ubuntu, ambao ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kifurushi hicho humwonyesha mtumiaji maneno ya leseni na kungoja jibu lake mwenyewe. Akikataa, herufi hazichukuliwi. Mjumbe amefikisha maneno, na jibu limetoka kwa mwenye haki ya kujibu.

Usidhani, kijana, kwamba mambo haya ni ya Marekani na Ulaya tu, na kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki ni wapokeaji wa mwisho wa kila kitu. Mwezi wa Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi, Wakenya na marafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walitunga Ushahidi, programu ya kukusanya habari za matukio na kuzionyesha katika ramani. Msimbo wake waliutoa kwa leseni huru, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Mara hiyo kazi ilianzia Kenya, na mpokeaji alikuwa ng'ambo ya bahari.

Mfano mwingine ni wa hospitali. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ilianza kutumika programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Kutokana na mafunzo ya kazi hiyo, mwaka 2004 watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, pamoja na wenzao wa Afrika, walianza kutunga OpenMRS, nayo ikaanza kufanya kazi Eldoret mwaka 2006. Baadaye OpenMRS ilifungashwa pamoja na sehemu zilizotungwa kwa mahitaji ya Kenya, ikawa KenyaEMR, ambayo imetumika katika mamia ya vituo vya afya nchini. Hapa waona ufungashaji dhahiri: msingi ni wa jamii ya ulimwengu, nyongeza ni za Kenya, na mpokeaji ni mwuguzi aliye mbele ya foleni ya wagonjwa. OpenMRS iko chini ya leseni ya Mozilla, ambayo yataka kila faili iliyo chini yake, hata ikibadilishwa, ibaki chini ya leseni hiyo na chanzo chake kipatikane; faili mpya za mfungashaji zaweza kuwa na leseni nyingine. Mfungashaji asiyeweka kumbukumbu ya kipi ni cha nani atawaachia waandamizi wake fumbo lisilofumbulika. Mwuguzi yule hana haja ya kusumbuliwa na maswali ya leseni. Bali mtu atakayetaka kuisahihisha programu ile miaka 10 baadaye ana haki ya kuzikuta hati zote mahali pake.

Je, anayetupa hati hizo njiani anadhuru nini, ikiwa kazi yenyewe ilitolewa bure? Swali hili lilijibiwa kwa kisa cha magari moshi ya kuchezea. Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, pamoja na wenzake, walitunga programu ya kuendesha treni hizo ndogo, wakaigawa bure kwa leseni iliyotaka majina ya watungaji na habari za mabadiliko zihifadhiwe. Kampuni ya Matthew Katzer ilichukua sehemu ya faili zao, ikazitia katika bidhaa yake, bila majina ya watungaji. Hapo kwanza mahakama ya chini iliona kwamba masharti yale ni ahadi za mkataba tu. Lakini tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufani ilisema kwamba masharti ya leseni ya namna hiyo yana nguvu ya hakimiliki: anayeyavunja anasambaza bila idhini. Kwa kufanya hivyo mahakama ilitambua kwamba mtu aweza kutoa kazi yake bila bei na bado akawa na haki ya kuheshimiwa kwa jina lake. Kutoa bure si kutupa.

Sasa na tuyapime haya kwa jambo la karibu. Tuseme shule moja ya Kitengela imepewa kompyuta 20, na kijana wa kidato cha tatu ameagizwa kuzitayarishia programu. Anafungasha programu 12 pamoja, ili azipandishe katika kompyuta zote kwa amri moja. Afanye nini na leseni zake?

Kwanza, azitenge katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni programu ambazo leseni yake haidai kukubaliwa na mtumiaji. Hizi asiziulizie neno. Atie waraka wa leseni ndani ya kifurushi na aonyeshe chanzo chapatikana wapi. Fungu la pili ni programu ambazo mwenyewe amedai ridhaa ya mtumiaji. Hapa aonyeshe maneno kamili kabla ya kupandisha, na kama hakuna jibu, basi jibu ni la, wala si ndiyo. Fungu la tatu ni programu ambazo leseni yake haimruhusu mtu wa katikati kuzigawa. Hizo asizifungashe kabisa. Amwelekeze mpokeaji kwa mwenyewe.

Pili, ajiulize mamlaka yake yanafika wapi. Mwalimu mkuu aweza kuikubalia shule masharti ya mashine za shule, kwa sababu shule imemweka hapo. Lakini ikiwa sharti lasema kwamba kampuni itachukua habari za kila mwanafunzi anayeingia, jambo hilo halimhusu mwenye mashine peke yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa juu ya habari za mtu iwe ya wazi, ya hiari, na ya mtu aliyeelezwa. Na kwa habari za mtoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuulizwa. Kijana wa kidato cha tatu, hata awe hodari namna gani, hakupewa na wenzake mamlaka hayo.

Tatu, aandike. Aandike ni programu gani, toleo gani, ilitoka wapi, kwa leseni ipi, na ni nani aliyekubali, siku gani. Maandishi hayo yataonekana kuwa kazi bure siku yanapoandikwa. Lakini wewe umekwisha kuona ni taabu gani iliyowapata watu waliosimama mahakamani Mombasa mwaka 1913 wakitaka kujua ni nani aliyewasemea na kwa idhini ya nani.

Pengine utasema kwamba maneno ya leseni ni marefu, na maisha ni mafupi. Kweli, ni marefu, na mengine yameandikwa kana kwamba mwandishi alitaka yasisomwe. Hiyo ndiyo sababu kazi ya mfungashaji mwaminifu ina heshima: akisoma yeye kwa makini mara moja, akazitenga leseni vizuri, amewapunguzia maelfu ya watu mzigo. Hawakubalii, anawasaidia kujua ni wapi wanapoulizwa kweli na ni wapi wasipoulizwa. Tofauti baina ya kumsaidia mtu kuamua na kumwamulia ni nyembamba, lakini ndani yake mna uungwana wote wa kazi hii.

Katika nchi hii baina ya mto wa Athi na Namanga, ambako vijana wengi sasa wanajifunza kutunga programu, watatoka wafungashaji wa kesho. Watachukua kazi za watu wa mbali na kuwapa watu wa karibu. Na watachukua kazi za watu wa karibu na kuzipeleka mbali. Kila mara mashine itakapowauliza kama wamekubali, nawaulize na wao: nani anayekubali, anakubali nini, na nani aliyempa ruhusa ya kumsemea mwenziwe? Haraka haraka haina baraka, na ndiyo iliyotolewa kwa niaba ya mtu asiyejua si ndiyo, hata ikiandikwa kwa wino au kwa umeme.